Namwota mama akiomba maji, na ndugu zangu wanagombana kuhusu alipo

Shikamoo mama,

Mimi ni binti mkubwa katika familia ya watoto watatu, naishi Makorora hapa Tanga. Mama yetu alifariki mwaka huu baada ya kuugua figo kwa muda mrefu. Tulimzika kijijini, upande wa Muheza, pembeni mwa baba. Arobaini imepita, wageni wameondoka, maturubai yamerudishwa, na sasa ndipo tabu imeanza.

Mama alikuwa Mlutheri, na mimi nimebaki hukohuko. Kaka yangu alioa Upareni akawa Msabato, tena Msabato kwelikweli, si wa jina. Mdogo wetu wa kike ameokoka, anasali kanisa la kiroho. Mama mdogo aliolewa na Mkatoliki, na dini hiyo ameishika tangu ujana wake. Mama alipokuwa hai mambo haya hayakutusumbua. Krismasi na Pasaka wote tulikuwa kwake tunakula wali wa nazi na samaki, na sala ya chakula aliomba yeye.

Siku ya arobaini mama mdogo alitutangazia kuwa ameweka nia ya misa ya kumwombea mama. Kaka akamjibu mbele za watu kwamba mama amelala, hajui lolote, na kumwombea mfu ni kazi bure. Akafungua Mhubiri 9:5 akasoma kwa sauti: “wafu hawajui neno lo lote.” Mama mdogo akalia. Tukiwa bado tunambembeleza, mdogo wangu naye akasema tunajidanganya wote, kwa kuwa mama alikuwa mtu wa dini tu, hakuwahi kuokoka.

Kuna jambo jingine. Mama alipokuwa anasafishwa damu, tuliambiwa tusimpe maji mengi. Mimi ndiye niliyekuwa namuuguza. Nilikuwa nampimia kwa kikombe cha kahawa, akiomba zaidi nakataa, na joto la Tanga unalijua. Siku zake za mwisho alikuwa ananiita kwa jina langu la utotoni, anasema “nipe maji, hata tone,” nami nalowesha kitambaa nampangusa midomo. Sasa namwota. Anakaa kibaraza cha nyuma, amejifunga kanga yake ya kijani, ananyoosha mkono ameshika kikombe kilekile. Haongei. Nilimsimulia mdogo wangu, akaniambia nisome Luka 16, habari ya tajiri aliyeomba tone la maji akiwa motoni. Jirani yetu, mtu mzima, ananishauri nichinje kuku na kumwaga maji kaburini, eti mama anadai.

Fundi amemaliza kujengea kaburi, anangoja maneno ya kuandika kwenye jiwe. Mimi nilitaka “Yuko kwa Bwana.” Kaka amesema yakiandikwa hayo hatakuja siku ya kuweka jiwe. Mama mdogo anataka “Roho yake ipumzike kwa amani.” Mdogo wangu anataka jina na tarehe basi.

Na mwanangu aliye darasa la pili kila tukizima taa ananiuliza kama bibi anamwona.

Mama yangu yuko wapi? Je, bado ana kiu?

Binti Mkubwa, Makorora

*

Marahaba mwanangu. Pole kwa msiba, na pole kwa yaliyoufuata.

Nitaanza na swali lako la pili, kwa sababu nadhani ndilo linalokunyima usingizi. Hapana, mama yako hana kiu.

Figo zikishindwa kazi, maji anayokunywa mgonjwa hayapati njia ya kutoka. Hubaki mwilini, huvimbisha miguu, na yakizidi hupanda mpaka kwenye mapafu, mtu akakosa pumzi. Ndiyo maana wagonjwa wanaosafishwa damu hupimiwa maji, na wauguzi wao hulazimika kukataa wanapoombwa. Ulipomkatalia ulikuwa unamlinda asizame ndani ya mwili wake mwenyewe. Kazi hiyo ilikuangukia wewe kwa sababu wewe ndiye uliyekuwepo. Kaka yako haoti kikombe kile, wala mdogo wako haoti, kwa kuwa hawakukishika. Ndoto yako imetoka katika mikono yako iliyochoka na moyo wako uliokuwa ukikatika kila alipokuita. Haijatoka kaburini.

Fungua Ufunuo 7, mstari wa 16 na wa 17. Yohana anawaona watu waliotoka katika dhiki kuu, na anaambiwa hivi juu yao: “Hawataona njaa tena, wala hawataona kiu tena, wala jua halitawapiga.” Kisha anaambiwa kwamba Mwana-Kondoo atawaongoza kwenye chemchemi za maji yenye uhai, na Mungu atayafuta machozi yote katika macho yao. Hakuna kanisa hata moja kati ya manne yaliyomo nyumbani kwenu lisilosoma maneno haya. Yasome usiku kabla ya kulala, kwa sauti, hata kama mwanzoni hayakuingii.

Na Luka 16 isome pia, usiikimbie. Soma kuanzia mstari wa 19. Yule tajiri alivaa zambarau na kitani safi, akala kwa anasa kila siku, na mlangoni pake alilala maskini mwenye vidonda aliyetamani makombo ya mezani. Yesu aliisema habari hiyo kuwaonya watu wenye mali waliofunga macho. Hakuisema ili wafiwa waichukue kupimia ndoto zao. Mdogo wako amekuta neno “maji” huku na neno “maji” kule, akaunganisha, na kwa kufanya hivyo amemuumiza mtu ambaye mikono yake bado inanukia dawa za mgonjwa. Hilo halikuwa neno la faraja na sioni sababu ya kulilainisha.

Jirani yako anakutakia mema, usimkasirikie. Mwambie kwa heshima kwamba sisi Wakristo tunaamini marehemu wetu hadai, kwa kuwa deni lake lilikwisha kulipwa pale msalabani. Kuku wako mlishe mwanao.

Sasa hili la kusema mama hakuokoka. Umenieleza kwamba sala ya chakula aliomba yeye, na kwamba sikukuu aliwakusanya wote, Msabato kwa Mkatoliki, mezani pake. Hayo tu hayamwokoi mtu, najua, na wewe Mlutheri unajua kuliko mimi, maana kanisa lenu lilizaliwa na fundisho kwamba mtu huhesabiwa haki kwa imani, bure, kwa ajili ya Kristo. Lakini kwa sababu hiyohiyo hakuna anayeweza kusema mama hakuwa na imani eti kwa kuwa hakuwahi kunyoosha mkono kwenye mkutano wa injili. Yule mnyang'anyi msalabani hakuwa na ushuhuda wa kusimulia, hakubatizwa, hakuimba kwaya. Alisema sentensi moja tu ya kuomba akumbukwe, akajibiwa: “Amin, nakuambia, leo hivi utakuwa pamoja nami peponi.” Paulo naye anauliza katika Warumi 14:4, “Wewe u nani unayemhukumu mtumishi wa mtu mwingine?” Mdogo wako anayaamini maandiko. Basi hili nalo limo.

Nije kwenye swali la kwanza, na kabla sijalijibu nikwambie ninaposimama, usije ukadhani sina upande. Mimi ni Mwanglikana, nimelelewa huko Muheza, katika kanisa lililoanzishwa na wamisionari wa UMCA, chama cha wamisionari Waanglikana kutoka Uingereza, waliokuwa na kituo chao Magila. Kwetu marehemu huombewa, na tangu utoto nimesikia majina yao yakisomwa kanisani mwezi wa Novemba. Kwa hiyo nina ukaribu na mama mdogo wako katika jambo moja, na ukaribu na wewe katika jingine.

Wewe unaamini kwamba mtu akifa katika Kristo, roho yake inakwenda kwake mara moja, na mwili unangoja. Paulo aliandika akiwa kifungoni kwamba anatamani “kwenda zangu nikae na Kristo, maana ni vizuri zaidi sana.” Hayo ni Wafilipi 1:23. Siwezi kuyasoma maneno hayo nikaona mtu anayetarajia kupoteza fahamu. Imani hii ndiyo ya Wakristo walio wengi, na ni yangu pia.

Lakini kaka yako usimchukulie kama mtu aliyebuni jambo. Wasabato wanafundisha kwamba Mungu alimuumba mtu mzima, udongo na pumzi, akawa nafsi hai, kama ilivyo Mwanzo 2:7, na kwamba hakuna kipande cha mtu kinachobaki kinaelea baada ya kufa. Kufa ni kulala, bila kuota, mpaka Yesu arudi. Mafundisho hayo yalifika Upareni, huko Giti, mwaka 1903, na familia alikooa huenda zimeyashika vizazi kadhaa. Tena wana maandiko. Yesu mwenyewe alisema, “Rafiki yetu, Lazaro, amelala.” Hata Martin Luther, ambaye jina lake limo katika jina la kanisa lako, alipenda sana kukiita kifo usingizi. Calvin, mwanamageuzi mwingine wa kanisa wa karne ileile, ndiye aliyeona hatari hapo, akaandika kitabu kizima kupinga wazo kwamba roho hulala. Kwa hiyo ubishi huu mlioufanya chini ya turubai, waliufanya watu wakubwa kabla yenu, nao hawakuumaliza.

Na fikiria kaka yako anapata nini katika imani hiyo. Kwake, mama alifumba macho akiwa na maumivu, na sauti ya kwanza atakayoisikia ni ya Yesu akimwita. Katikati hakuna dakika hata moja ya kungoja anayoihisi. Mtoto wa kiume aliyemwona mama yake akiteseka vile anaweza kuishikilia imani hiyo kwa nguvu zote, na pengine ndiyo maana sauti yake ilipanda siku ile.

Mama mdogo ndiye aliyeeleweka vibaya kuliko wote. Watu wengi wasio Wakatoliki hudhani toharani ni sehemu ya kujaribu bahati tena kwa walioshindwa, na kwamba misa ni kumtoa mtu jehanamu. Kanisa Katoliki halifundishi hivyo. Linafundisha kwamba walioko toharani ni watu waliokufa katika neema ya Mungu, ambao wokovu wao ni wa hakika, ila bado wanatakaswa kabla ya kuingia mbele ya utukufu wake. Hakuna anayetoka toharani akaenda motoni. Uelewe hapo, mwanangu: mama mdogo alipoweka nia ya misa, alikuwa anatangaza mbele ya wote kwamba dada yake ni wa Mungu. Kati ya waliosema siku ile, yeye ndiye aliyesema neno jema kuliko wote juu ya mama yako, naye ndiye aliyelizwa.

Mnatofautiana naye pia kwa sababu hamsomi Biblia yenye vitabu vilevile. Yake ina kitabu cha pili cha Wamakabayo, ambamo sura ya 12 inaeleza Yuda Makabayo akikusanya sadaka kwa ajili ya askari wake waliokufa na kuwaombea. Yako haina. Lakini usifikiri Walutheri wa kwanza waliweka marufuku kila sala ya namna hiyo. Luther alipinga misa za kulipiwa na vyeti vya msamaha, na ugomvi wa mwaka 1517 ulianzia hapo. Ila mwaka 1531 rafiki yake Melanchthon, akilitetea Ungamo la Augsburg, yaani tamko la imani la Walutheri, aliandika kwamba wazee wa kale waliwaombea wafu, na kwamba hawalikatazi jambo hilo. Nenda kwenye hiyo misa. Kaa nyuma, usishiriki komunyo kama hairuhusiwi, lakini nenda. Mama mdogo amefiwa na dada yake, na katika ubishi wenu nyote mmelisahau hilo.

Niliposoma barua yako nilimkumbuka Monika, mama wa Agostino, mwanamke wa Afrika ya Kaskazini, nchi iitwayo leo Algeria. Alifia Ostia karibu na Roma mwaka 387, mbali na kwao. Mmoja wa wanawe alitaka asifie ugenini. Agostino mwenyewe ameandika kwamba mama yao aliwaambia wauzike mwili wake popote, wasihangaike nao, ila akawaomba jambo moja tu, wamkumbuke kwenye altare ya Bwana popote watakapokuwa. Na Agostino, askofu na mwalimu mkubwa, anaeleza alivyojizuia kulia, kisha akashindwa, akamlilia mama yake. Basi usijilaumu kwa kulia, wala usimruhusu mtu akwambie kuwa machozi ni upungufu wa imani.

Nakuja sasa kwenye lile ninalotaka uwapelekee ndugu zako. Yote mnayogombania ni habari ya kungoja. Mama anangoja akiwa na Kristo, anangoja akitakaswa, au anangoja akiwa amelala. Ni maswali ya kweli na sikwambii hayana maana. Lakini waulize wote wanne: mama anangoja nini? Wewe, kaka, mama mdogo na mdogo wako mtajibu jibu moja. Anangoja Kristo arudi na kumfufua katika mwili. Kanuni ya imani iliyokamilishwa Konstantinopoli mwaka 381 inamalizia hapo, kwenye kuungojea ufufuo wa wafu na uzima wa ulimwengu ujao. Wakatoliki, Walutheri na Waanglikana tunaikiri. Wasabato na walokole hawana desturi ya kuikariri, lakini kasikilize mahubiri msibani kwao uone kama wanahubiri jambo jingine.

Nasema mwili, mwanangu, kwa sababu wengi tumezoea kusema marehemu “amekwenda mbinguni” kana kwamba habari imeishia hapo. Paulo katika 1 Wakorintho 15 anazungumzia mbegu iliyoingia ardhini, na kile kinachoota baadaye. Ule mwili uliouogesha, ile miguu iliyovimba uliyoikanda, Mungu hajaitupa. Huyo mama ambaye figo zake zilimshinda atasimama mzima.

Soma Yohana 11 yote ukitambua hili. Lazaro alikaa kaburini siku nne. Alipotoka, watu wa Bethania walimfungua sanda, wakampokea, na Yohana hatuambii kwamba kuna mtu alimuuliza, “Ulikuwa wapi?” Kaka yako atasema ni kwa sababu hakuwa na la kueleza. Mimi nasema ni kwa sababu aliyekuwa amesimama mlangoni pa kaburi alikuwa jambo kubwa zaidi. Martha alikwisha kumwambia Yesu kwamba anajua ndugu yake atafufuka siku ya mwisho, na Yesu akamjibu, “Mimi ndimi huo ufufuo, na uzima. Yeye aniaminiye mimi, ajapokufa, atakuwa anaishi.”

Hayo ndiyo maneno ya kumpa fundi. Jina la mama, tarehe zake mbili, na Yohana 11:25, yote kama yanaenea, au nusu ya kwanza na namba ya mstari. Kaka yako hawezi kuyakataa, maana ndiyo imani ya Wasabato yenyewe. Mama mdogo anayasikia kanisani kwenye mazishi. Mdogo wako anayajua kwa kichwa. “Yuko kwa Bwana” ni kweli kwako na kwangu, lakini jiwe ni la watoto wote watatu, na kaka akikosekana siku hiyo kwa ajili ya maneno matatu, mtakuwa mmempotezea mama jambo alilolilinda maisha yake yote.

Kuhusu mjukuu. Usimwambie bibi amelala, hata kama kaka yako angependa. Mtoto wa umri huo akisikia hivyo anaweza kuogopa kufumba macho, na wewe umesema maswali yake yanakuja mkizima taa. Mwambie wazi: bibi amekufa, mwili wake tumeuzika kule Muheza, hawezi kuumwa tena wala kuona kiu, Yesu anamtunza, na siku moja Yesu atamfufua. Akiuliza kama anamwona, mwambie Yesu ndiye anayemwona wakati wote, na bibi yumo katika ulinzi wa huyohuyo. Hapo hujamdanganya, na mjomba wake akija kumtembelea hatakuwa na la kumrekebisha.

Ndugu zako usiwakusanye kikao. Vikao vya familia kuhusu dini huishia pale mlipoishia siku ya arobaini. Anza na kaka, nenda kwake siku isiyo Sabato, mpelekee maneno ya jiwe yakiwa yameandikwa kwenye karatasi, umuulize kama ameyakubali. Akikubali, mwombe yeye ndiye ampigie simu mama mdogo amwambie. Simu hiyo itasaidia zaidi ya samahani yoyote utakayoiomba kwa niaba yake. Mdogo wako muache mwisho, zungumza naye mkiwa wawili, na mwambie waziwazi kwamba alichokisema juu ya ndoto kilikuumiza. Akija na aya nyingine, usibishane naye. Mpe siku na saa ya kuweka jiwe, na kazi ya kufanya siku hiyo: asome yeye hiyo Yohana 11.

Mama